Betri gani ya kamera kwa safari ya Kasenga, Kilwa na Pweto?

Swali: Yambo papa. Mimi ni mpiga picha wa Katuba, hapa Lubumbashi. Napiga picha za harusi na ubatizo kwa Nikon Coolpix B500, inayotumia betri nne za AA. Mwezi wa saba nitaondoka na wenzangu kwenda Kasenga, halafu Kilwa na Pweto kando ya Ziwa Mweru, siku 18, kupiga picha za wavuvi. Nakadiria picha 250 kwa siku. Kaka yangu mkubwa anasema niuze kamera hii ninunue Canon EOS 2000D iliyokwisha kutumika, maana betri za AA ni mambo ya zamani na zinakula pesa. Rafiki yangu anasema nisithubutu: AA zinapatikana hata kijijini, lakini betri ya Canon ikiisha njiani, kazi imekwisha. Nimsikilize nani? Na AA zenyewe ziko za aina nyingi, sijui zinatofautiana wapi.

Jibu: Yambo dada. Baki na kamera yako. Kaka yako anasema kweli kuhusu betri za Canon, na nitakuonyesha ukweli huo uko wapi, lakini hiyo siyo sababu ya kuuza kifaa ulichokizoea wakati safari iko karibu. Rafiki yako naye usimfuate kama alivyosema, maana AA utakayoikuta kibandani Kilwa huenda isikuvushe hata asubuhi moja. Nunua hapa hapa mjini AA nane za kuchaji za nikeli-haidraidi (kwenye ganda huandikwa Ni-MH), chaja nzuri ya USB, pawabanki moja ya kweli, na AA nne za lithiamu za kutupa ziwe akiba. Sasa nikupe sababu.

Ukishatoka mjini, AA iliyojaa vibandani ni ya zinki-kaboni, ile nyepesi ya bei ya chini kabisa. Mara nyingi ganda lake linadai ni betri ya kazi nzito. Maandishi hayo yasikudanganye. Ilitengenezwa kwa tochi ndogo, saa ya ukutani na redio, yaani vifaa vinavyokula umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kamera haili hivyo. Lenzi inapotoka nje, flashi inapojijaza, na skrini inawaka wakati huohuo, kamera inaweza kudai ampea nzima au zaidi kwa mara moja, halafu ikatulia, halafu ikadai tena. Betri ni kama bidoni: kuna maji yaliyomo, na kuna upana wa mdomo. Zinki-kaboni ina maji machache na mdomo mwembamba. Alkali, ile ya kutupa ya dukani, ina maji mengi, lakini mdomo wake bado ni mwembamba. Nikeli-haidraidi ina maji ya kutosha na mdomo mpana.

Wembamba wa mdomo huo mafundi tunauita ukinzani wa ndani, na unapimika. AA mpya ya alkali ina takribani omu 0.15 hadi 0.3. AA nzuri ya nikeli-haidraidi iko karibu na omu 0.03. Ziunge nne mfululizo, kama zinavyokaa ndani ya B500, kisha uzidai ampea moja. Za alkali zitapoteza kati ya volti 0.6 na 1.2 ndani ya matumbo yao wenyewe kabla umeme haujaifikia kamera. Za nikeli zitapoteza kama volti 0.1 tu. Kwa hiyo usishtuke ukisoma kwamba alkali ni volti 1.5 na nikeli ni 1.2. Ile 1.5 ni ya siku ya kwanza, betri ikiwa imepumzika. Ikianza kazi inashuka bila kusimama, na kadiri inavyochoka ukinzani unapanda. Nikeli inashika karibu na 1.2 muda wote wa kazi yake, halafu mwishoni ndipo inaanguka. Kamera inapenda hiyo inayosimama imara.

Kutokana na hapo utaelewa jambo linalowachanganya wateja wengi wanaonijia mezani: kamera inasema betri imekwisha, lakini ukiitia betri hiyohiyo kwenye redio, redio inaimba wiki kadhaa. Betri haikuwa tupu. Ilishindwa tu kutoa kwa kasi ambayo kamera inataka. Ukilazimika kununua alkali njiani, basi usizitupe zikikataliwa na kamera. Mpe mwenyeji wako kwa redio yake, zitamfaa.

Nikon wenyewe waliipima B500 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Waliandika takribani picha 600 kwa alkali nne, 750 kwa nikeli-haidraidi na 1,240 kwa lithiamu za kutupa. Kipimo hicho kinafanyika chumbani, kwa betri mpya na nzuri. Wewe utakuwa juani kando ya maji, skrini umeiongezea mwanga, unavuta lenzi kutafuta mtumbwi ulio mbali, unawaonyesha watoto picha zao. Mimi huhesabu theluthi mbili, basi. Yaani picha 500 kwa seti moja ya nikeli iliyojaa, na 400 kwa alkali, tena alkali halisi.

Picha 250 kwa siku 18 ni picha 4,500. Kwa alkali hizo ni seti 11 hadi 12, yaani betri karibu 48 za kununua na kutupa. Hapo ndipo kaka yako alipoona pesa zinaliwa, na ameona sawa. Kwa nikeli ni machaji tisa, na ukiondoka na seti mbili zimejaa umebakiwa na machaji saba ya kutafuta njiani katika siku 18. Hilo linawezekana bila shida, na betri zilezile utarudi nazo kupigia harusi mwezi wa nane, mwaka huu na miaka mingine inayofuata.

Kabla sijasahau: ndani ya menyu ya mipangilio ya B500 kuna sehemu ya kuchagua aina ya betri. Iweke kwenye nikeli-haidraidi unapotumia za kuchaji, na ubadilishe ukitia alkali au lithiamu. Usipofanya hivyo kamera inasoma volti vibaya na inaweza kulalamika betri ni dhaifu wakati bado ina nguvu nyingi.

Sasa nikeli-haidraidi yenyewe iko ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kwa msafiri. Ile ya kawaida inajimwaga yenyewe ikiwa imekaa tu: inapoteza sehemu siku ya kwanza, na ndani ya mwezi inaweza kuwa imepoteza robo ya chaji. Ile nyingine inahifadhi chaji. Sanyo ndiyo iliyofungua njia hiyo mwaka 2005 kwa betri ya Eneloop, ambayo leo iko chini ya Panasonic. Walipoitoa walisema inabaki na 85% ya chaji baada ya mwaka mzima. Kampuni nyingine zimefuata. Kwenye ganda tafuta maneno yanayosema betri inauzwa ikiwa imechajiwa tayari. Hiyo ndiyo alama yake. Nunua hii ya pili. Na kama utapewa kuchagua kati ya yenye uwezo wa kama miliampea-saa (mAh, kiasi cha chaji inachobeba) 2,000 na ile ya 2,500, chukua ya 2,000. Eneloop ya kawaida mtengenezaji anaihesabia machaji hadi 2,100, lakini ile kubwa anaihesabia 500. Uwezo wa ziada wa siku moja unaulipia kwa maisha mafupi.

Uwe mwangalifu sokoni. AA ya nikeli-haidraidi iliyoandikwa 3,500 au 4,000 ni uongo, iwe imepambwa namna gani. Ukubwa huo wa betri haubebi zaidi ya takribani 2,700. Usibishane na muuzaji, tafuta mizani. AA ya kweli ya aina hii ina uzito wa gramu 26 hadi 30. Ikiwa na gramu 17 au 18, ndani kuna kitu kidogo na nafasi tupu. Mji huu haukosi mizani nyepesi, wafanyabiashara wa madini wanazo na wauza dawa wanazo. Pawabanki nayo ipime: iliyoandikwa 20,000 haiwezi kuwa chini ya gramu 300.

Kuna AA mbili nyingine lazima nikuambie, maana moja ni hatari. Siku hizi zinauzwa AA za lithiamu za kuchaji zenye tundu la USB kwenye ganda lake. Hizo zina kijisakiti ndani kinachoshusha umeme hadi volti 1.5 na kuushikilia hapo mpaka mwisho, kisha zinakata ghafla. Zinafanya kazi, lakini kamera itakuonyesha betri imejaa mpaka sekunde inapozima, na baadhi hazimudu vishindo vya flashi. Sikushauri kwa safari. Hatari ni ile inayoitwa 14500: ni lithiamu ya volti 3.7, umbo lake na AA ni pacha. Ukitia nne ndani ya B500 umeipelekea volti 15 hadi 17 mahali ilipotarajia 6, na kamera inakufa papo hapo. Muuzaji akikuambia "hii ni ile ile", soma volti kwenye ganda kabla ya kulipa.

Lithiamu za kutupa ni kitu tofauti kabisa na hizo. Ni volti 1.5 halali, zina gramu 15 tu kila moja wakati alkali ina 23, zinakaa miaka mingi bila kujimwaga, na mdomo wao ni mpana. Ni ghali, ndiyo. Ndiyo maana nasema nne tu, zibaki ndani ya karatasi yake chini kabisa ya begi. Siku ambayo jenereta ya kijiji imekufa, pawabanki umempa mtu wa simu, na wavuvi wanaingia alfajiri na nyavu zimejaa, hizo nne zitakupa siku tatu za kazi.

Chaja ni muhimu kuliko betri, na hapa watu wengi wanaharibu. Zipo chaja za bei ndogo zinazotia umeme bila kujua betri imejaa lini. Zinaipika mpaka inachakaa ndani ya miezi. Chukua yenye taa au kidirisha kwa kila betri peke yake, siyo inayochaji mbili mbili, na inayotumia USB. Chaja ya namna hiyo inatambua kila betri ilipojaa na kuiacha. Inaweza kula kutoka pawabanki, kutoka gari, kutoka chaja ya simu ukutani. Saa tatu au nne kwa seti ni kasi nzuri; inayojigamba dakika 30 iache dukani.

Halafu zitie alama. Chukua kalamu isiyofutika, andika A kwenye nne na B kwenye nne nyingine, na tarehe uliyonunua. A zifanye kazi pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja. Usichanganye moja ya A na tatu za B, wala nikeli na alkali. Zikiwa mfululizo, ile dhaifu inaisha kwanza, na zile tatu zinaendelea kuusukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Hapo inaharibika, na mara nyingine inavuja ndani ya kamera. Nimefungua kamera nyingi zilizoliwa na maji ya betri, na karibu zote zilikuwa na alkali au zinki-kaboni zilizoachwa ndani miezi bila kutumiwa, au betri zilizochanganywa. Usipoitumia kamera kwa wiki kadhaa, toa betri.

Tuje kwa kaka yako. EOS 2000D inatumia betri ya lithiamu-ioni inayoitwa LP-E10, volti 7.4, miliampea-saa 860. Zidisha, kisha ugawe kwa 1,000, upate wati-saa 6.4, yaani umeme wote uliomo. Seti yako ya nikeli nne ni betri 4 mara volti 1.2 mara ampea-saa 2, yaani wati-saa 9.6. Kwa hiyo umeme uliobeba wewe ni mwingi zaidi. Lakini ile ya Canon ina uzito usiofika nusu ya seti yako, haijimwagi sana, na Canon wameihesabia kamera hiyo picha 500, kwa sababu ukichungulia kwa tundu lake la kioo skrini inalala. Uwiano wa uzito na umeme, lithiamu-ioni inashinda, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba betri hiyo haina mbadala kijijini, na ile inayokuja na kamera iliyotumika hujui imekula machaji mangapi. Ungehitaji kununua mbili za kuongezea, na za bandia ni nyingi: zina namba kubwa kwenye ganda, na zikipata joto zinavimba mpaka zinakwama ndani ya kamera.

Ninachotaka ufikirie ni hiki. Tofauti kubwa ya kamera hizi mbili haiko kwenye betri. B500 ina kihisi (kile kinachopokea mwanga na kuunda picha) kidogo cha megapikseli 16, na lenzi yake inavuta mara 40, jambo zuri kwa mvuvi aliye mbali ziwani. Canon ina kihisi kikubwa zaidi cha megapikseli 24, na ndani ya kanisa lenye giza itakupa picha safi ambazo B500 haiwezi. Siku utakayobadilisha, badilisha kwa ajili hiyo, ukiwa umetulia, ukiwa na muda wa kuijifunza kwa harusi mbili tatu kabla ya kusafiri nayo.

Na kwa kuwa tumetaja lithiamu-ioni, kuna jambo linalonigusa kila nikiishika betri hiyo. Sony waliileta sokoni mwaka 1991, na nguzo yake chanya ilikuwa oksidi ya lithiamu na kobalti, kazi iliyotokana na utafiti wa John Goodenough pale Oxford mwaka 1980. Yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Kobalti hiyo, sehemu kubwa kabisa ya inayochimbwa duniani, inatoka kwetu, Kolwezi na Likasi na kandokando yake. Inatoka hapa kwa malori kupitia Kasumbalesa, na sisi tunakuja kuinunua tena ndani ya kibetri cha kamera, mara nyingi kisicho halisi. Vijana wetu wanastahili kuijua betri kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote, ndiyo maana sichoki kujibu maswali kama haya.

Umeme wa njiani sasa. Pawabanki ya kweli ya 20,000 ni wati-saa 74 ndani; ukitoa hasara ya kubadilisha volti unabaki na kama 60. Kuchaji seti moja ya nikeli kunakula takribani wati-saa 15, maana nazo zinapoteza joto zikichajiwa. Basi pawabanki moja ni seti nne. Jumlisha na seti mbili ulizoondoka nazo, unapata picha 3,000 bila kuona soketi, mradi simu za wenzako zisiikaribie. Hapo umebakiza picha 1,500, yaani unahitaji kuijaza pawabanki mara moja tu katikati ya safari, na Kilwa au Pweto hutakosa mtu mwenye jenereta au sola anayechaji simu za watu kwa faranga kidogo. Mpe pawabanki, siyo kamera wala chaja ya betri: umeme wa jenereta unapanda na kushuka, na afadhali pigo likipate kifaa cha kati.

Mkiwa na paneli ya sola ya kukunja, mwezi wa saba ni kiangazi na jua halikosi. Iliyoandikwa wati 20 ikikupa 10 au 12 umefanikiwa. Kwa saa tano za jua kali hizo ni wati-saa 50 hivi. Lakini iunganishe na pawabanki, kisha pawabanki ichaji betri usiku. Ukiunganisha paneli moja kwa moja na chaja ya nikeli, wingu likipita umeme unakatika, chaja inaanza hesabu upya, na inaweza kuacha betri nusu au kuzipika. Pawabanki yenyewe ifunike kwa kitambaa nyuma ya paneli, isikae juani. Joto ndilo adui mkubwa wa kila betri niliyoitaja, na lithiamu-ioni ndiyo inayoteseka zaidi. Usiache kitu mbele ya kioo cha gari mkiwa mmeegesha.

Kwenye boti, weka betri ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kila seti kwenye kikasha chake. Zisigusane na funguo wala sarafu mfukoni, nikeli iliyojaa ikiunganishwa kwa chuma inaweza kukuunguza. Mkirudi kwa ndege, pawabanki na lithiamu zote ziingie nawe ndani, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini. Chini ya wati-saa 100 hakuna kibali cha kuomba, na wewe una 74. Zilizokufa zisitupwe ziwani wala motoni. Rudi nazo.

Kama pesa haitoshi vyote kwa mara moja, nunua kwa mpangilio huu: kwanza chaja nzuri na seti A, halafu seti B, halafu pawabanki. Lithiamu za kutupa zingoje mwisho, na zikikosekana kabisa beba alkali halisi nane za dukani badala yake. Zichaji za nikeli mara mbili tatu nyumbani kabla ya kuondoka, maana zikiwa mpya hazifikii uwezo wake wote kwa chaji ya kwanza, na piga nazo Jumapili moja kanisani uhesabu mwenyewe picha ngapi seti inakupa. Hesabu hiyo yako itakuwa bora kuliko 500 yangu.